Msomi Aliyekula Zamu ya Domina

"Zamu yangu umeila, na mashuka yangu yananuka!" Domina alisimama mlangoni kwa Evodius, kapu la nguo kiunoni. "Jumamosi saa tatu ni yangu. Jina langu liko ubaoni!"

Pale Fittja, kitongoji cha ughaibuni, mwaka 1974, jengo zima lilifulia chumba kimoja cha chini, kwa zamu. Ukiikosa yako, usubiri wiki mbili.

"Dada, nisamehe. Jioni hii nazungumza kwenye chama chetu cha Watanzania kuhusu wasomi wa China, na sikuwa na shati safi. Nitakulipa zamu yangu."

"Lini? Wachina wakimaliza kusoma?"

Domina alikuwa na darasa la nne la Bukoba na miaka mitano ya kusugua sakafu za hospitali. Watanzania wenzake walimsifia pilau. Mazungumzo yakinoga, walimwonyesha jiko. Safari hii aliapa watamsikiliza. Jioni akakaa mstari wa mbele ukumbini.

Na Evodius, jamani, alijua kusema! Msomi wa kale alifaulu mtihani wa mfalme, akapewa cheo, akafuga kucha ndefu watu waone hashiki jembe. Lakini mfalme akikosea, alipaswa kumwambia usoni, hata kama kichwa kingeondoka. Msomi wa leo anapelekwa kijijini, abebe samadi, afundishwe na mkulima.

"Yupi ana faida kwa watu?" akauliza.

Domina akainuka.

"Huyo wa leo, mkubwa akikosea, anaruhusiwa kumwambia?"

Evodius akafunua daftari, akalifunga. "Hilo sikuliandika, dada."

"Liandike! Mimi namtaka anayebeba samadi na kusema kweli. Tuanze na wewe. Zamu ya Jumamosi nani kaila?"

Evodius akatazama shati lake jeupe. "Mimi. Nimekosa."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Kasiani, mwenyekiti, akagonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Dada Domina, endelea!"

Endelea! Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaendelea, wakabishana naye, akawabishia, kahawa ikapoa, na pilau hakuna aliyeikumbuka.

Jumatano, siku ya zamu yake, Evodius alipanda ngazi na kapu la Domina, vidole vimekuwa vyekundu kwa sabuni. Domina akakagua mashuka. Moja limekunjwa upande kama sambusa. Akalifumbia macho.

"Haya, deni limekwisha. Ingia ule," akasema. "Na hilo daftari liko wapi? Swali langu umeliandika?"