Wageni wa Zuhura Waliochomekea

Hivi wewe, wanaume watatu waliochomekea wakipiga hodi kwako wanamuulizia mjukuu wako wa kike, ungefikiria nini? Mimi nikajua posa hiyo imeingia. Zuhura wangu anatengeneza programu za simu, na kila Jumamosi anafundisha vijana wa Kariakoo bure hapa uani kwangu. Umri unaenda. Asubuhi aliniambia tu, "Bibi, leo nina wageni wakubwa." Basi nikawakalisha, nikawapa kashata.

Mkubwa wao akasema, "Bibi, Zuhura tumesikia sifa zake nyingi."

"Kweli, baba. Ila ukweni hatufichi kasoro. Kuamka mapema hawezi, na akinuna hasemi na mtu siku nzima. Haya, muoaji yupi hapo?"

Zuhura akatokea uani, macho yamemtoka. "Bibi! Hao mabosi wangu! Wamekuja kuona ninavyofundisha, wanataka kunipa ukuu wa kitengo!"

Nikajifunika mtandio uso mzima. Yule mkubwa akacheka mpaka kashata ikampalia. "Usijali, bibi, sisi kazi tunaanza saa nne." Cheo akampa palepale.

Walipoondoka, Zuhura akaniahidi: "Wallahi, bibi, siku ya posa yenyewe nakupeleka Kigamboni kwa shangazi, utarudi nimeshaolewa."