Waliokaa Mkekani kwa Ajili ya Oliva

Nimechoka, nisikufiche. Nianike usipa, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, nifukuze kunguru, halafu nirudi nyumbani kumbembeleza mtu mzima anywe uji. Mtu mwenyewe ni Oliva, binti wa marehemu dada yangu, yule mwimbaji. Kama umewahi kupita Mbamba Bay msimu ambao watu wa milimani wameuza kahawa na harusi zinafuatana, sauti yake umeisikia. Anatunga mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe. Na tangu mwaka juzi anaumwa sonona, ugonjwa wa kukosa hata hamu ya kufungua dirisha.

Hakuuficha. Redioni kule Mbinga mtangazaji alimuuliza wimbo wake mpya kamwimbia mpenzi gani. Akajibu, "Hakuna mpenzi. Ninaumwa sonona, ninakunywa dawa, na kuna asubuhi sitaki kuishi. Nimejiimbia mwenyewe." Hivyo hivyo, kweupe! Mimi nipo sokoni, redio ya muuza vitenge imefunguliwa mpaka mwisho. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi, simu za harusi zikanyamaza. Mama Tadea, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alikuja mwenyewe kuvunja miadi. "Mama Valence, usinielewe vibaya. Mwanangu anaolewa Jumamosi. Mwimbaji wa huzuni atamtia binti nuksi."

Nikamwambia nuksi ni mdomo wake. Lakini Oliva alisikia yote chumbani. Akalitundika gitaa ukutani, akasema haimbi tena. Hapo nikaogopa kweli, maana kuimba ndiko kulikokuwa kunamtoa kitandani.

Jumatano wanajumuiya wakaja kumwona, Mama Tadea akiwa mbele yao. Mgonjwa wa malaria unampelekea machungwa, aliyevunjika mguu unamtania. Wa sonona je? Hakuna aliyejua anaendewaje. Wakafanya wanachokijua mbele ya huzuni: wakatoa viti nje, wakavua viatu, wakakaa chini mkekani, mikono shavuni, unga na maharage kwenye beseni. Mmoja akaanzisha rozari kwa sauti ile ya msibani. Jamani! Majirani wakaanza kuja kunipa pole.

Oliva akatoka chumbani, nywele timutimu, akawatazama.

"Mama mdogo, nani kafa?"

Mwenye rozari akaificha kwenye kanga.

"Ni mimi?"

Akacheka. Loo, kicheko nilichokisahau! Akacheka mpaka akaketi mkekani pamoja nao. "Haya, kama msiba ni wangu, wimbo nachagua mimi." Akaagiza gitaa lishushwe, akauimba ule wimbo wa redioni.

*Nimeamka, sijainuka,*
*jua limefika miguuni.*
*Niite jina langu taratibu,*
*nitakuja, nisubirini.*

Wanawake wakaupokea, wakaurudia kwa sauti mbili kama kanisani. Mama Tadea peke yake hakuimba. Alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

Wenzake walipoondoka akabaki. "Oliva mwanangu, Jumamosi njoo uimbe. Uimbe huo huo."

"Nuksi imeisha?" nikamuuliza. Sikuweza kujizuia.

"Niache, Mama Valence, nimechoka mwenzio." Akapenga kamasi. "Tadea hajatoka chumbani tangu Jumapili. Hali wala haogi. Watu nimewaambia anafundwa. Kutwa anausikiliza huo wimbo kwenye simu, analia."

"Anataka kuolewa?" Oliva akauliza.

"Sijamuuliza."

Oliva akainuka, akaanza kutafuta viatu. "Jumamosi mbali, mama. Twende sasa hivi."

Usipa wangu ulikuwa bado mchangani, na wingu limeshajaa ziwani. Miguu inaniuma, roho inaniuma. Nikabeba gitaa, nikawafuata. Oliva alikuwa mbele amemshika Mama Tadea mkono, nami nikamsikia akimuuliza, "Nyumbani huwa mnamwita jina gani?"