Mchongezi wa Mteremkoni

Selpha alikuwa na tabia ya kuzungumza na sufuria, na asilaumiwe. Mtu anayeishi peke yake lazima aseme na kitu, na sufuria angalau hujibu ikichemka. Alikuwa mzaliwa wa Port Victoria, mtu wa ziwani na samaki, aliyeolewa mbali na kwao, huku Malaba, na fundi wa baiskeli wa Kiteso aliyeitwa Ikapel. Mungu hakuwajalia mtoto. Ikapel alipofariki kwa homa ya ghafla, mwaka wa sabini na nne, mashemeji walingoja mjane afunge virago arudi kwao. Akakataa. Huko kwao wazazi walikuwa wameshakwenda mbele ya haki, na nyumba ya ndugu si nyumba yako, hata ukikaribishwa kwa samaki mzima.

Basi akabaki katika nyumba yake ya mabati kando ya barabara, juu kabisa ya mteremko unaoshuka mpaka darajani. Ng'ambo ya daraja ni Uganda. Mashemeji walimsalimu siku ya Krismasi na siku ya maziko. Majirani walikicheka Kiteso chake, kwa kuwa miaka ishirini ilikuwa haijatosha kuunyosha ulimi wake, naye akachoka kuchekwa, akaongea kidogo zaidi kila mwaka. Ndipo sufuria ilipopata rafiki.

Kazi yake ilikuwa kushona mito ya keria. Aliyezaliwa juzi hajui adha ya kupakiwa nyuma ya baiskeli, juu ya chuma kitupu, kwenye barabara ya mawe. Ukishuka, unatembea umejikunja. Ndiyo maana vijana wa baiskeli, waliokuwa wakiwavusha watu kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda huku wakiita "Boda! Boda!", walifunga mto kwenye keria ili abiria akalie kitu laini. Mto wa Selpha ulikuwa na sponji ndani, juu ngozi ya plastiki nyekundu aliyoifuata Busia kwa duka la Usman, na kandokando nyuzi za rangi zikining'inia. Abiria wa kike walichagua baiskeli kwa kuangalia mto, na vijana walilijua hilo.

Kwa hiyo walikuja. Walikuwa watoto tu, wa miaka kumi na minne, kumi na sita, walioachana na shule na kupanda baiskeli za wajomba zao, kubwa kuliko wao, hata wengine miguu haikufika chini. Walikuja kwa ajili ya mto, wakakaa kwa ajili ya chai. Baada ya muda hawakuhitaji sababu. Baraza ya Selpha ikajaa baiskeli, kelele, maganda ya njugu na uongo wa kila aina. Kiongozi wao alikuwa Ekwaro, mrefu kama mwanzi wa kuvunia maembe, mwenye meno ya kucheka. Huyo ndiye wa kwanza aliyemwita Selpha "toto", na toto kwa Kiteso ni mama. Alipomwita hivyo mara ya kwanza, Selpha aliingia ndani akijifanya anatafuta sukari. Sukari ilikuwa mkononi.

Sasa nieleze habari ya breki, maana hapo ndipo ubaya ulipoanza.

Ilikuwa miaka ile ya kahawa. Upande wa Uganda kahawa ilikuwa karibu na bure, upande huu ilikuwa dhahabu, na anayejua njia za panya hakosi mzigo. Vijana walibeba magunia kwa baiskeli alfajiri, wakipita vichakani hadi penye kivuko kisicho na daraja. Lakini baiskeli za wakati huo zilikuwa na breki za vyuma, na rimu ikilowa kwa umande, raba ikiigusa hulia kiiii, sauti ya kumwamsha askari wa forodha aliyelala chali. Kijana mmoja alikamatwa hivyo. Tangu siku hiyo breki ikapewa jina: mchongezi. Na nani anataka kutembea na mchongezi? Wakazing'oa zote. Vyuma wakavitupa chini ya vitanda vyao.

Ungedhani wasiobeba kahawa wangebaki na breki zao. Wapi! Fasheni ni fasheni. Mwenye mchongezi alichekwa kama mtu aliyekuja dansini na mama yake. Kusimama, walisimamisha kwa kisigino: unaushusha mguu wa kulia, unaukandamiza wayo wa akala, ile ndara ya mpira wa gari, juu ya gurudumu la nyuma. Raba kwa raba. Barabara ikiwa kavu, na mzigo ukiwa mwepesi, ilifanya kazi.

Na kwa sababu walikuwa watoto, wakatengeneza mchezo. Jioni, abiria wakipungua, walijipanga juu ya mteremko mbele ya nyumba ya Selpha, wakajiachilia. Wa kwanza kushusha mguu ndiye mwoga, na kesho yake alinunua maandazi ya wote. Walihitaji mtu wa kuwaanzisha. Ekwaro akamwambia Selpha:

"Toto, wewe simama hapo na hiyo kitambaa yako. Ukiangusha, sisi tunaenda."

Selpha alijua. Mke wa fundi baiskeli hawezi kusema hakujua. Ikapel alikuwa akisema kila siku, mkono ukiwa na grisi, kwamba baiskeli haina akili, akili yake iko kwenye breki. Lakini Selpha alikuwa ameona pia yaliyompata mwalimu aliyewakemea vijana hao: walibadilisha njia, hawakupita kwake tena. Mhubiri aliwakemea, wakamwigiza sauti kwa wiki nzima. Anayewakemea hawarudi kwake. Selpha aliipima baraza yake ikiwa imejaa na baraza yake ikiwa tupu, akakivua kitambaa kichwani. Akakiinua. Akakiangusha. Walipoteremka wakipiga mayowe, alipiga makofi, na moyo ulimwenda mbio kwa furaha na kwa hofu, asijue kipi ni kipi.

Watu husema mtoto akililia wembe, mpe. Waliosema hivyo sijui kama waliwahi kufua ile damu.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu, si mvua ya kumtia mtu ndani. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka darajani, yakingoja karatasi zao kwa forodha. Protus, kijana mpole wa Nambale aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, alikuwa amepata mto mpya asubuhi ile, na alitaka watu wauone ukipeperusha nyuzi. Selpha aliiangalia barabara iking'aa kwa maji. Neno lilimfika hadi kwenye meno. Ekwaro akasema, "Toto, mkono unachoka?" na wote wakacheka, naye akacheka nao. Akaangusha kitambaa.

Protus ndiye aliyekuwa mbele. Alipoyaona malori alishusha mguu mapema, si kwa uoga, kwa akili. Akala iligusa gurudumu lililolowa ikateleza kama sabuni. Akaukandamiza tena. Ukateleza tena. Wenzake waliwahi kujitupa majanini. Yeye aliingia chini ya mkia wa lori lililosimama tu, lisilo na kosa lolote, dereva akiwa kando anakula ndizi.

Hakufika hospitali. Baiskeli ilirudishwa imekunjika kama herufi S, na juu yake mto mwekundu ulikuwa mzima, haujachubuka hata uzi.

Nambale walimzika. Selpha alikwenda, akakaa nyuma kabisa na wanawake wasiomjua, kitambaa kile kile kichwani kwa kuwa alikuwa hana kingine cheusi. Shangazi mtu alimshukuru kwa kuja. Alimwambia, "Protus alikuwa anakutaja sana, mama. Alisema kwako anakula vizuri." Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyekishika kikombe.

Aliporudi Malaba alivuta kutoka chini ya kitanda sanduku la marehemu mume wake. Ndani mlikuwa na raba za breki, kuukuu, zimekauka zikawa ngumu kama mihogo ya jua. Akaliweka barazani. Vijana walipokuja, wamenyong'onyea, aliwapa chai kwanza. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiteso chake kingemwangusha:

"Kuanzia leo sishonei mto baiskeli haina breki. Na hapa kwangu haitalala wala haitasimama. Kitambaa nimekifunga kichwani, hakitoki."

Walitazamana. Mmoja akasema kwamba si kukosa breki kulikomuua Protus, ni maji. Mwingine akasema siku yake ilikuwa imefika. Ekwaro alipanda baiskeli, ndipo akasema:

"Hata wewe, toto? Hata wewe umekuwa mchongezi?"

Hawakurudi. Mjini kulikuwa na fundi cherehani mgeni, Edris, aliyekuja kutoka Busia, ambaye mito yake ilikuwa myembamba kama chapati lakini hakuuliza maswali. Vijana wakahamia kwake. Jina jipya la Selpha likamtangulia sokoni: Mama Mchongezi. Watoto wadogo waliliimba, bila hata kujua maana yake. Waliokuwa wakimwita mama walipita mbele ya nyumba yake wakiangalia upande wa pili, kana kwamba huko kuna kitu.

Niseme wazi: iliuma. Iliuma kuliko kifo cha Ikapel, maana Ikapel hakuondoka kwa hiari. Jioni alizoea kuweka sufuria kubwa jikoni, na ilimchukua muda mrefu kukumbuka kuitumia ile ndogo. Chai ilibaki, ikapoa, ikafanya ngozi juu. Akaimwaga. Kesho yake akachemsha nyingi tena.

Ekwaro alikuja mara moja, peke yake, akiburuta miguu. Mto wake ulikuwa umepasuka, sponji ikitoka nje. Aliketi pale pale alipozoea, ukingoni mwa baraza, na Selpha aliona kwamba amerefuka, na kwamba shati linambana mabegani.

"Toto, nishonee tu hii. Ya Edris haikaliki, abiria wananitukana."

"Breki iko wapi?"

"Wacha maneno ya breki. Shona hii, nitaambia wale wengine. Tutarudi wote. Si unajua wananisikia?"

Kila alichokitaka duniani kiliwekwa mbele yake kwa sentensi moja. Sindano ilikuwa karibu. Ngozi nyekundu ilikuwapo. Alifikiria baraza imejaa, maganda ya njugu, uongo wao. Akashika mto ule magotini, akapitisha kidole kwenye upasuko, na machozi yakamtoka bila kificho mbele ya mtoto wa watu.

"Chukua raba hapo kwa sanduku," akasema. "Nitakushonea ukingoja hapa, na sitaki chochote."

"Watanicheka, toto."

"Wacheke. Protus hawezi kukucheka."

Ekwaro alisimama. Akauchukua mto wake, polepole, kama anayemnyang'anya mtoto mchanga kitu. Akaondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli, hakuipanda mpaka alipofika mbali. Selpha aliingia ndani akaiambia sufuria yote aliyotaka kumwambia Ekwaro.

Sanduku hakuliingiza ndani. Aliliacha barazani, wazi, kwa ukaidi au kwa uvivu. Jumapili moja aliporudi kanisani aliona kama raba zimepungua. Akadhani ni macho. Jumapili iliyofuata zilikuwa zimepungua kweli, na alama za magurudumu zilikuwa vumbini mpaka kwenye kizingiti. Wezi wake walikuwa wanajua saa za ibada vizuri kuliko Wakristo. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo alianza kukaa kanisani hadi wimbo wa mwisho kabisa, na akitoka alisimama kusalimia hata watu asiowapenda.

Mvua za masika ziliposhuka sanduku lilikuwa tupu.

Jioni moja ya mvua alikuwa barazani peke yake, cherehani kimya. Boda za mwisho zilikuwa zikiteremka na abiria waliojifunika magunia. Ekwaro alikuwa mbele, amembeba mama mnene mwenye mtoto mgongoni. Alipita mbele ya nyumba bila kugeuza shingo. Wenzake wakapita nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyemsalimu, na Selpha aliteremsha mkono aliokuwa ameshaanza kuuinua.

Kisha, kule chini, pale malori yanapopanga foleni, kitu kikalia. Kiiii. Raba kavu ya Ikapel juu ya rimu iliyolowa, mbaya, ya kukwaruza meno. Ikalia nyingine. Ikalia nyingine tena. Jina lile walilompa, mchongezi, lilikuwa likipigwa kelele sasa na baiskeli zao wenyewe, mteremko mzima, mbele ya askari na madereva wote wa Malaba, na wao walikuwa wakishuka taratibu.

Selpha alikaa akisikiliza mpaka wa mwisho alipofika darajani. Halafu akaingia jikoni, akainjika sufuria ndogo.