Kioo Kilikuwa Changu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na ufagio. Ninyi mnaopiga picha mia kwa simu kabla chai haijapoa mtacheka. Chekeni. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi moja pale Singida mjini, ofisi ambayo jina lake silitaji kwa sababu waliomo leo hawana kosa. Lilisema: "Anatakiwa msafishaji picha, ajue kusoma na kuandika." Nilikuwa nimetoka Mungaa, nimeolewa mjini mwaka huohuo, na nina cheti changu cha shule. Nikajiuliza, kufuta vumbi kwenye picha za ukutani nako kunataka kusoma? Lakini kazi ni kazi. Nikabeba ufagio, ndoo na kitambaa.

Aliyenipokea ni Mpiga Picha wa ofisi, Mzee Rajabu, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwenye kucha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Na huo ufagio wa nini?"

"Nimekuja kusafisha picha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Picha haisafishwi kwa ufagio, binti yangu. Inasafishwa kwa dawa, tena gizani. Njoo."

Akaniingiza kwenye chumba kisicho na dirisha, kina taa moja nyekundu, maana mwanga mwekundu hauidhuru karatasi ya picha. Hapo ndipo nilipojua kwamba filamu ikitoka kwenye kamera haina kitu cha kuona kwa macho. Unaiweka kwenye dawa ya kwanza, inaamsha picha. Unaipeleka kwenye dawa ya pili, inaikamata isikimbie. Kisha unaiosha kwa maji mengi na kuianika. Unapata negativu, yaani picha iliyogeuka, mtu mweusi anaonekana mweupe na meno yake meusi. Hiyo sasa unaitia kwenye mashine ya kukuzia. Juu ina taa, katikati negativu, chini lenzi, na mezani karatasi inayopokea mwanga. Kazi yote hiyo, tangu filamu mpaka picha mkononi, iliitwa kusafisha picha. Niliipenda tangu siku ile sura ya kwanza ilipoibuka ndani ya sinia la dawa, na nilikaa humo miaka bila kuchoka.

Adhuhuri nikapelekwa kwa Karani wa Masijala anifungulie faili. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa vinukta, umeandikwa "Kazi". Karani akaandika kwa herufi kubwa za madoido: MSAFISHAJI. Vinukta vikaisha. Nikamwambia, "Kaka, bado neno moja. Ni msafishaji picha." Akapuliza wino ukauke. "Inaeleweka, mama." Inaeleweka! Neno moja lile, kwa ajili ya uvivu wa mtu kushuka mstari wa pili, lilinitafuna mpaka uzeeni.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Sote tuliitana Ndugu. Dereva alikuwa Ndugu Dereva, na mkubwa wa ofisi alikuwa Ndugu Mkuu. Mimi peke yangu nilikuwa Mama Usafi. Mara tatu kwa wiki mtu fulani alifungua mlango wa chumba cha giza kuniuliza kwa nini korido haijafagiliwa, na mwanga ukaingia ukaunguza karatasi zangu. Nilikuwa nalia humo ndani kwa hasira, halafu najifuta na kuanza upya.

Mzee Rajabu akastaafu, akarudi kwao. Nikabaki na kazi yake na yangu. Picha zilihitajika kwa wingi: watu wanafyatua matofali, watu wanalima shamba la pamoja, akina mama wanajifunza kusoma. Zilibandikwa kwenye magazeti ya ukutani kila kijiji. Mara mafuta ya mashine ya umeme yakawa haba. Umeme ukawa unakuja jioni tu, na wakati huo ofisi imefungwa. Ndugu Mkuu akaniita. "Picha hazitoki. Fanya ujanja." Akarudi kwenye gazeti lake.

Nikafanya ujanja. Singida ukikosa vyote, jua hulikosi. Nilitoboa tundu kwenye ukuta wa chumba cha giza, mbele ya kichwa cha mashine ya kukuzia. Nje ya tundu nikasimamisha kioo changu mwenyewe, kioo cha kujitazamia alichonipa mama siku ya kuolewa kwangu. Kioo kikapiga jua ndani ya tundu, na karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia ikatandaza mwanga usiwe na doa. Taa ikapatikana bila umeme.

Msidhani ilikuwa kazi ya siku moja. Upepo wa Singida mnaujua. Ulikiangusha kioo nikakidaka kwa magoti, nikakizungushia mawe. Jua nalo linatembea, na kila dakika chache mwanga ulihama. Nikafunga kamba mbili za katani kwenye kioo, nikazipitisha ukutani, nikawa nakigeuza nikiwa ndani, kama mtu anayeongoza maksai. Kubwa kuliko yote lilikuwa joto. Negativu ya kwanza ilijikunja na kutoa harufu. Nilihangaika majuma mawili. Siku moja chupa bapa ya pombe kali, ambayo Ndugu Dereva alikuwa akiwekea maji ya kunywa, ilikaa kwenye tundu. Nikapitisha mkono nyuma yake: mwanga upo, joto hakuna! Maji yanameza joto, mwanga yanauachia. Nikaiomba ile chupa, nikaijaza maji safi, nikaisimamisha mbele ya karatasi ya mafuta. Mlokole mimi, nikawa natembea na chupa ya pombe kwenye kapu. Watu walisema sana.

Picha zikatoka, kali, safi, nyingi kuliko wakati wa umeme. Ndugu Mkuu akaja kutazama, akatikisa kichwa. "Mama, jambo hili ni kubwa. Kuna wageni watakuja kutoka Dar es Salaam. Niandikie maelezo yote, nami nitakutaja kwa jina mbele yao."

Nikaandika. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kioo, kamba, chupa na sababu ya kila kimoja. Chini nikaandika jina langu. Siku ya wageni nilivaa gauni la kanisani.

Walikuja watatu. Ndugu Mkuu akasimama kando ya mashine, akatoa karatasi zangu mfukoni, akasoma. "Baada ya kufikiri sana, niliona jua ndiyo taa ya mnyonge." Niliona! Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa wa pili, akaikunja karatasi pale pale lilipoanza jina langu. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akanigeukia. "Na huyu mama?"

Ndugu Mkuu hata hakubabaika. "Huyu? Huyu ni msafishaji."

Mgeni akaniitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama mtu anavyomwitikia mfagizi. Mwaona uchungu wake? Ndugu Mkuu hakusema uongo. Angesema uongo ningembishia. Aliniibia kwa neno la kweli. Kisha akasema, "Mama, tuletee chai."

Nikaleta chai. Baada ya chai wageni wakaenda Unyambwa kupiga picha za akina mama wanaojenga darasa, wakasema kesho asubuhi wataona zikichapwa kwa jua kabla ya safari. Jioni ile niliisafisha filamu yao, nikaianika vizuri, sikuitilia fitina yoyote. Halafu nikang'oa kioo changu, nikachukua na chupa yangu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilirudi na ufagio. Nilianza na korido. Wageni wamesimama mlangoni, Ndugu Mkuu jasho linamtoka.

"Mama, kioo kiko wapi?"

"Shikamoo Ndugu Mkuu. Kiko nyumbani kwangu, kimetundikwa ukutani."

"Kilete haraka!"

"Kioo ni kazi ya mbunifu. Mimi ni msafishaji. Sogea kidogo, Ndugu Mkuu, nifagie hapo ulipokanyaga."

Alinitazama kama anataka kunimeza. Akakimbia nje, akafungua kioo cha pembeni cha gari la ofisi, akakiegemeza kwenye mawe, akaingia kwenye chumba cha giza na wageni wake. Sikuingia. Nilikuwa kwenye kona ya korido niliposikia harufu. Alikuwa amesoma habari za chupa mbele ya watu, kwa sauti nzuri, bila kuelewa hata neno moja. Filamu ya Unyambwa ikajikunja yote.

Nitasema na hili, maana mwenye hasira naye ana deni lake. Wale akina mama wengi wao hawakuwahi kupigwa picha tangu kuzaliwa. Walivaa kanga zao nzuri, wakasimama juani na matofali kichwani. Ningeweza kupiga kelele, "Chupa! Wekeni maji!" Niliendelea kufagia. Ndugu Mkuu simsamehe, na kwa siku ile mimi mwenyewe pia sijisamehe.

Barua ya uhamisho ilinifikia kabla mwezi haujaisha. Ilisema msafishaji ameharibu filamu ya serikali, ahamie Itigi. Huko nikawekwa kwenye chumba cha eksirei cha hospitali, nifagie. Mtaalamu wa eksirei akagundua kwamba najua dawa kuliko msaidizi wake, akanipa filamu za mifupa nizisafishe. Nilizisafisha miaka mingi, treni zikipita. Nimeona vifua na mbavu za nusu ya watu wa Itigi. Lakini faili lilinifuata na vinukta vyake, na barua ya kustaafu ilipokuja ilinishukuru "kwa kuweka mazingira safi". Niliisoma nimesimama, nikaitupa, nikaiokota tena ili siku moja niwaonyeshe ninyi.

Ndugu Mkuu alifariki mwaka juzi. Nilikwenda kuzika, kwa kuwa kuzika hakuna kisasi. Mpwa wake, kijana msomi, alisimama na kusoma wasifu wa marehemu. Watoto, wajukuu, vyeo. Kisha: "Marehemu ndiye aliyebuni njia ya kuchapa picha kwa mwanga wa jua hapa Singida."

Nilijikuta nimesimama.

"Kioo kilikuwa changu."

Jirani akanivuta kanga. "Mama, kaa chini, marehemu hasemwi."

"Simsemi marehemu. Naisema hiyo karatasi."

Kijana alichanganyikiwa, lakini alikuwa na malezi. Akaja mpaka nilipokuwa. "Shikamoo bibi. Samahani, wewe ni nani?"

Nilitaka kusema mengi. Neno lililonitoka ni lilelile nililolichukia maisha yangu yote. "Msafishaji."

Wengine wakaguna. Kijana hakuguna. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Msafishaji wa nini, bibi?"

Miaka yote ile, ofisi mbili, wakubwa sijui wangapi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Machozi yakanishuka mbele za watu.

"Wa picha," nikasema. "Toa kalamu, mjukuu wangu, uandike."

Akaigeuza ile karatasi ya wasifu, akaiweka juu ya goti. Nikamtajia polepole naye akaandika: Paulina Mwanja wa Mungaa, msafishaji picha. Nafasi ilitosha, na nyingine ikabaki.