Kasi ya Kipanya

Jirani yangu, mama fundi cherehani, akifunga kazi huja kwangu kucheza mchezo wa kulenga shabaha kwenye kompyuta, na kila akikaa hugombana na kipanya. Akikipunguzia kasi, mkono wake unafagia meza nzima na glasi yangu inakwenda chini. Akikiongezea, alama ya kulengea inaipita shabaha kama mbuzi aliyekata kamba. Kasi ya katikati akiipata leo, kesho inamkataa.

“Nani kaigusa?” huniuliza.

Haki ya Mungu, hakuna. Namba ya kasi ni ileile.

Leo kaja na shati langu, bado kifungo kimoja. Akaupeleka uzi kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akarudia, ukapita tena. Akanitazama.

“Mwanangu, hii nayo kasi yake inapunguzwa wapi?”