Sukari Imeshuka

Mimi ni mwalimu wa hisabati na nina hasira za karibu. Wanafunzi wanalijua hilo, na mume wangu analijua zaidi. Nilihamia Sumbawanga kutoka Mbeya, nikapanga chumba mtaa wa Chanji, na pale shuleni nilijivunia kitu kimoja: kipindi changu hakikatizwi na kengele. Kengele ya uji ikilia saa nne, nilikuwa nasema swali likiisha ndipo tutoke. Swali lenyewe lilikuwa haliishi upesi.

Mwaka ule kidato cha pili kilikuwa na binti kutoka kijiji cha Pito, mpole, asiye na makuu. Kwenye kikao cha walimu tuliambiwa kuwa ana sukari na kwamba hujichoma sindano ya kuishusha nyumbani kila asubuhi. Tukasikitika, kisha tukaendelea na ajenda ya viti vilivyovunjika. Hakuna aliyeuliza tufanye nini. Mimi kwa akili yangu nikajipa kazi: mtoto mwenye sukari asiguse kitu kitamu mbele ya macho yangu. Niliona ndiyo malezi.

Siku hiyo upepo wa Julai ulikuwa unaingia kwenye dirisha lisilo na kioo, darasa zima limejikunyata ndani ya masweta. Kengele ya uji ikalia, nikaendelea kufundisha. Baadaye kidogo nikamwona binti yule anahangaika kufungua pipi chini ya dawati. Vidole vilikuwa vinatetemeka, nikadhani ni baridi. Nikamfuata, nikanyoosha mkono anipe. Akasema kwa sauti ndogo:

"Madam, sukari imeshuka."

Ngoja niseme ukweli. Nilifurahi. Homa ikishuka tunashukuru, bei ya sukari ya dukani ikishuka tunashukuru. Kwa nini hii nayo isiwe habari njema? Nikamwambia Mungu ni mwema, basi asiipandishe tena. Nikatia mfukoni pipi zote tatu alizokuwa nazo, nikarudi ubaoni.

Nilipogeuka alikuwa amelowa jasho katika baridi ile. Nikamuuliza jibu la swali, akanipa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wenzake wakacheka. Jirani yake wa dawati hakucheka. Alisimama bila kuomba ruhusa, akaja mbele, akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta langu kana kwamba mimi ni mama yake, akatoa pipi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkaripia. Akampa mwenzake moja, akamsihi aitafune, akampa ya pili, huku akimtuma mwingine mbio jikoni kuleta uji wenye sukari nyingi. Ilichukua kama robo saa binti yule kunitambua. Muda wote huo nilikuwa nimechuchumaa kando yake, chaki mkononi, sina msaada wowote.

Kesho yake mama yake akaja. Nilijiandaa kusemwa. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama tunamrudisha nyumbani, maana shule aliyotoka walisema hawawezi kubeba lawama. Nikamwambia habanduki hapa. Ndipo akanielewesha taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili na kuyachanganya na Kifipa chake:

"Ikipanda, mwalimu, inamla polepole. Ikishuka haisubiri. Sindano imeshaingia, chakula bado."

Siku hizi kengele ya uji ikilia naweka chaki chini, hata mlinganyo ukiwa nusu. Walimu wote tunajua kwamba akitetemeka au akijibu ovyo apewe kitu kitamu kwanza, maswali baadaye, na asiachwe peke yake. Ni mambo madogo mno. Naona aibu kwamba aliyeyajua darasani siku ile alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, si mimi.

Lakini kinachonikosesha raha zaidi kilitokea mama alipoaga. Binti alibaki nyuma, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Pale shuleni anayekutwa anakula darasani huandika barua ya kujieleza, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye sheria hiyo haimhusu. Aliandika kwamba anaomba radhi kwa kula pipi wakati wa kipindi, na kwamba hatarudia tena.

Niliisoma mara mbili. Machozi yakanitoka mbele yake, na wala sikuyaficha.

"Rudia," nikamwambia. "Hata mimi nikikukataza, rudia."