Ada ya Televisheni ya Baba Yake

Jumanne iliyopita, saa ya chakula cha mchana, nilipigiwa simu kazini Greenbelt, huku Marekani, na mwanamke Mtanzania ambaye nilikuwa nimekutana naye mara mbili tu. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo kaka," kisha akaniambia kuwa dada aliyekuwa akiishi naye Woodbridge amefariki. Alianguka akiwa kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Springfield, akimvisha bibi mmoja soksi, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa amekwisha kukata roho. "Presha, kaka," alisema. "Vidonge vilikuwa kwenye pochi yake. Hakuvimeza." Marehemu alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Wengi wenu hamkumjua, na wachache mliomjua mlimwita Mama Leseni, mkicheka. Nami nilicheka pamoja nanyi, ndiyo maana wiki hii sina jambo jingine la kuandika.

Alikuja kwangu mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, Jumamosi asubuhi, akiwa bado amevaa sare ya kazi. Alikuwa amepanda treni kutoka mwisho mmoja wa reli hadi mwisho mwingine kwa sababu alisikia nina kompyuta, tena najua kuandika barua za ofisini. Alitaka nimwandikie barua kwa shirika la utangazaji la nchi yetu, lirudishie familia yake ada ya leseni ya televisheni. Kwa vijana mliokulia huku, ambao televisheni kwenu ni kitu cha kuwasha tu, nieleze kidogo. Kwetu mwenye televisheni hulipia leseni, na wakaguzi huweza kubisha hodi wakati wowote kuuliza cheti. Dada huyu alikuwa amemnunulia baba yake televisheni, mzee mjane aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, na tangu siku hiyo hakuwahi kuchelewesha ada hata mara moja. Aliituma kutoka huku, akamsisitizia mzee akate cheti na kukitundika ukutani. Hakutaka baba yake afedheheshwe na mkaguzi mlangoni. Fedheha ilimjia mzee kwa njia nyingine.

Mwaka ule mvua zilikosekana, na chifu akatangaza kwamba mahindi ya msaada yangegawiwa kwenye uwanja wa kambi yake, ndiyo ofisi yake. Kila mtu aje na kitambulisho. Mzee akaenda, akapanga foleni na wenzake. Likaja gari la wakubwa, likaja na kamera, na mtu mwenye kipaza sauti akawaambia wote wainue kadi zao juu ili wahesabiwe. Wakainua. Jioni ile televisheni ya taifa ikatangaza kuwa mamia ya wafuasi wa upinzani wamehamia chama tawala na kurudisha kadi zao hadharani, wakiongozwa na mwalimu mstaafu anayeheshimika sana, na hapo ikaonyeshwa sura ya mzee. Yeye mwenyewe aliyaona hayo akiwa ameketi kwenye kiti chake, mbele ya televisheni aliyonunuliwa na binti yake. Hakupata hata gunia moja la mahindi, lakini hilo majirani hawakulijua. Kijiji kile kilikuwa cha upinzani mtupu, na wenzake wa foleni, ambao sura zao hazikuonyeshwa, hawakutaka kujitaja. Kufikia Jumapili hakuna aliyemsogelea kwenye benchi la kanisa. Waliokuwa wakinunua maziwa kwake wakahamia kwingine. Mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye watoto, alimsimamisha njiani na kumuuliza, "Mwalimu, walikupa ngapi?"

Jamaa mmoja wa mjini alikuwa amezirekodi habari zile, na kanda ikaletwa huku na msafiri. Mashine za video za huku ni za mfumo mwingine, hazikuweza kuicheza kanda ya kwetu, kwa hiyo dada aliipeleka dukani Springfield igeuzwe, akalipa ujira wa siku nzima. Tuliitazama sebuleni kwangu. Alikaa sakafuni karibu kabisa na kioo, akaisimamisha picha mahali baba yake alipoinua mkono.

"Hebu angalia mkono wake," aliniambia. "Hicho ni kitambulisho. Hata picha yake yaonekana. Kadi ya chama haina picha, kaka."

Niliiona. Nikamuuliza anadai arudishiwe kiasi gani.

"Pesa wakitaka wazile," alisema. "Nataka waandike ya kwamba wanarudisha ada kwa sababu walimsingizia. Barua yenye muhuri. Mzee aipeleke kanisani, isomwe."

Nikaandika. Naweza kusema bila aibu kuwa ilikuwa barua nzuri, yenye adabu na hoja, na dada alipomaliza kuisoma alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Jibu lilichukua miezi saba. Lilisema ada ya leseni hutozwa kwa kumiliki chombo, wala si kwa yanayoonyeshwa ndani yake. Tukaandika tena. Jibu la pili likasema leseni ni ya jina la mzee, hivyo mwenyewe afike ofisi ya mkoa. Mzee akavaa koti lake la Jumapili, akapanda basi, akaketi kwenye benchi ofisini tangu asubuhi hadi saa tisa. Karani akamwambia kuwa anayedai kurudishiwa ada hana budi kwanza kukabidhi chombo chenyewe, maana mtu hawezi kudai ada na huku bado anatazama. Wiki iliyofuata mzee akakodi pikapu, akaifunga televisheni kwa blanketi, akaipeleka. Walimpa stakabadhi. Nakala yake ninayo hapa mezani, na imeandikwa "televisheni moja, nzima." Ada haikurudishwa, barua haikuandikwa, na televisheni haikuonekana tena.

Binti alipopewa habari hizo kwa simu alimuuliza baba yake kwa nini aliitoa. Mzee alimjibu kwa upole: "Mama, nilidhani wewe ndiye uliyekubaliana nao." Maneno hayo alinisimulia mara nyingi. Haikupita hata miezi minne, mzee akapooza upande mmoja, akafa. Dada hakwenda kumzika. Makaratasi yake ya kuishi huku yalikuwa hayajakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Siku ya mazishi alikwenda kazini kama kawaida, kwa sababu, alisema, pale kuna wazee wa kuogeshwa. Waliohudhuria mazishi walikuwa jamaa wa damu na mchungaji tu. Dada aliendelea kuandika, na mwanzoni mwa mwaka huu shirika likamjibu kwa mara ya mwisho. Mwenye leseni akifariki, leseni hukoma, na madai yote hukoma nayo.

Sasa niseme langu. Baada ya ile barua ya pili, baba yake akiwa bado hai, dada aliniuliza kwa nini nisiandike habari hizi kwenye safu hii. Gazeti letu ni dogo, lakini husomwa na watu wa ubalozi, hutumwa nyumbani, na hupita mikono mingi. Nilimwambia angoje uchaguzi upite. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka," alisema, akitabasamu kama mtu asiyetaka kunilazimisha. Uchaguzi ulipita. Niliandika juu ya theluji. Niliandika juu ya foleni za magari za Springfield na juu ya watoto wetu wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza. Ukweli ni kwamba pasipoti yangu ilikuwa ubalozini ikingoja kufanywa upya, na mdogo wangu alikuwa ameajiriwa wizarani. Hakuna aliyenitisha. Nilijitisha mwenyewe, nikauita woga wangu busara. Hakuniuliza tena. Aliendelea kuja Jumamosi na barua zake, nami niliendelea kuzirekebisha sarufi.

Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye ibada ya kumuaga Woodbridge. Wengi walikuwa wa kazini kwake, na mmoja alikuwa mzee wa Kimarekani aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, ambaye dada alikuwa akimwogesha. Hakuna aliyejua kuhusu leseni isipokuwa yule Mtanzania na mimi. Mwili bado haujasafirishwa, na sijui kama utasafirishwa. Nilimuuliza yule dada wa Kitanzania kama marehemu aliwahi kuninung'unikia. "Hapana," alisema. "Alisema wewe unaandika vizuri."

Tumezoea kusema kwamba walioko madarakani ndio wanaowanyima wanyonge haki yao, na ni kweli. Lakini kwa miaka hii mitatu nimeona jinsi wasaidizi wao tulivyo wengi, na jinsi tulivyo watu wema. Karani aliyempa mzee stakabadhi hakumtukana, na majirani waliohama benchi hawakumpiga jiwe. Mimi nilimkaribisha mgeni wangu chai. Mzee yule hakuhitaji zaidi ya mtu mmoja wa kusema kwa sauti ya kusikika kuwa alichoinua kilikuwa kitambulisho. Nilikiona kwa macho yangu, na kalamu nilikuwa nayo. Nimesema leo, ambapo wote wawili waliotaka kusikia wamekwisha kufa. Kauli inayongoja mazishi haimsaidii yeyote, na msomaji asinipongeze kwa kuiandika.